Korosho za Kusini: Hesabu ya Tani, Hesabu ya Watu

Msimu wa 1973/74 wakulima wa Tanzania walipeleka sokoni tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zilizofika sokoni hazikutimia tani 17,000. Katikati hapo hapakutokea ukame wa miaka kumi na mitatu, wala nzige, wala moto ulioteketeza uwanda wa Makonde. Mikorosho ilikuwa palepale ilipopandwa, mingi ikiwa ndiyo kwanza imefikia umri wa kuzaa vizuri. Waliohama ni watu.

Kila mwaka wizara, bodi na benki kuu hutoa takwimu za mazao: kiasi kilichovunwa, kilichouzwa nje, kilicholiwa nyumbani. Ni kurasa kavu ambazo wengi huzipita haraka. Ukurasa wa korosho ungefaa kusomwa polepole, maana mstari wake wa tani, tangu enzi za mkoloni mpaka leo, umefuata zaidi maamuzi ya wanadamu kuliko mvua. Nani anaruhusiwa kununua, analipa lini, mkulima analala umbali gani kutoka shambani kwake: hayo ndiyo yaliyoupandisha mstari huo na kuushusha.

Mkorosho wenyewe ni mgeni wa siku nyingi. Asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Brazili, na walioutoa huko ni Wareno, wakaupanda India na katika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Kwa muda mrefu ulikuwa mti wa uani na wa kando ya njia. Watu walikula bibo, tunda la mti huo, wakanywa maji yake, wakayachachusha yakawa uraka, na waliotaka kitu kikali zaidi wakatonesha nipa. Korosho inayoning'inia chini ya bibo ilikuwa kitoweo cha ziada tu, tena yenye masharti, kwa sababu ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi. Asiyejua namna ya kuibangua anaweza kutoka hapo na malengelenge midomoni na mikononi.

Biashara ilikuja kutoka ng'ambo ya bahari. Katika miaka ya 1920 mji wa Kollam, katika Kerala ya leo, ulianza kujijengea jina kwa viwanda vya kubangua korosho kwa mikono, wafanyakazi wengi wakiwa wanawake, na mzigo ukisafirishwa hadi Marekani. Viwanda vikaongezeka kuliko mikorosho ya India. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa na maduka Lindi, Mikindani na katika bandari za Msumbiji wakaanza kukusanya korosho ghafi na kuzipakia kwenye meli kuelekea huko. Mpangilio huo, wa kuvuna Afrika, kubangua Asia na kula Ulaya na Marekani, una umri wa karibu miaka mia moja sasa, na mengi ya yaliyofuata ni majaribio ya kuuvunja.

Uwanda wa Makonde, pale Newala na Tandahimba, ulikuwa mahali pagumu kuishi. Juu hakuna mto wala kisima. Mvua ikinyesha mchanga unainywa yote. Wanawake walishuka bondeni alfajiri na kurudi na mtungi mmoja jua likiwa limeshapanda. Hata hivyo uwanda huo ulijaa watu, wakiwemo wengi waliovuka Ruvuma kukimbia kazi za shuruti za Wareno. Upande wa Tanganyika nako kulikuwa na kodi, na fedha za kuilipa zilipatikana kwa shida. Vijana wa kusini walisafirishwa kama manamba hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, mkataba mmoja baada ya mwingine. Mkorosho ulimpa mtu nafasi ya kulipa kodi bila kuondoka nyumbani. Haukuhitaji maji ya kumwagilia wala udongo wenye rutuba, na mwenye shamba hakulazimika kuacha chakula ili aupande. Mbegu zilifukiwa katikati ya mihogo. Mihogo ikaliwa kwa miaka mitatu minne, na kivuli kilipofunga, shamba la mihogo lilikuwa limekwisha geuka shamba la korosho. Mkulima akasogea mbele kufyeka pori jingine.

Hapakuwa na mpango wa maendeleo uliosema mikorosho ipandwe kwa wingi ule. Hilo linakumbukwa vizuri zaidi likiwekwa karibu na mradi uliokuwa na mpango mzito kuliko yote. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika. Sehemu moja ya mradi huo ilikuwa Nachingwea. Yaliletwa matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Ikajengwa reli ya kusini na bandari ya kina kirefu Mtwara. Mradi ulifutwa mwaka 1951, ukiwa umekula pauni zipatazo milioni 36, na karanga zilizovunwa hazikutosha hata kuonewa aibu. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara, iliyokamilika mwaka 1954, ilibaki ikisubiri mzigo, na mzigo uliokuja ni korosho, zao ambalo wakulima walikuwa wakilipanda wenyewe kwa jembe la mkono wakati matrekta yale yakikwama.

Uhuru ulipoingia, nchi ilikuwa ikiuza tani zipatazo 40,000 kwa mwaka. Vyama vya ushirika vilienea kusini, na kwa muda wa miaka kumi na kidogo uzalishaji ukaongezeka zaidi ya mara tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji na Tanzania, nchi mbili zilizogawanywa na mto mmoja, ndizo zilizotoa sehemu kubwa ya korosho zote za dunia. Ndipo ukafika msimu ule wa tani 145,000.

Wakati huohuo watu walikuwa wanahamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na mikoa ya kusini ilitangulia. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa vinapiganwa ng'ambo ya Ruvuma tangu 1964, ndege za Wareno na mabomu ya kutegwa havikuheshimu mpaka, na kukusanya watu vijijini kulionekana pia kuwa ni suala la ulinzi. Kisha mwishoni mwa 1973 ikatoka amri kwamba nchi nzima wananchi wawe wamehamia vijijini ifikapo 1976. Kwa mkulima wa mahindi hilo lilikuwa jambo zito lakini lililowezekana: unahama, unafyeka kwingine, unapanda msimu ujao. Mkorosho hauhamishiki. Familia iliyopelekwa kilomita nane au kumi kutoka kwenye miti yake ilijikuta ikichagua kati ya kutembea mwendo huo kila siku wakati wa kuokota, au kuiacha miti. Nyumba za zamani zilibomolewa ili watu wasirudi. Bila mtu wa kupalilia, nyasi zilikua hadi kwenye matawi, moto wa kiangazi ukapita ndani yake, nguruwe pori wakafanya makazi.

Korosho huokotwa, na hapo ndipo ugumu ulipo kwa mtu aliye mbali. Bibo likiiva huanguka lenyewe pamoja na korosho yake. Chini ya mti panatakiwa pawe peupe, pamefagiliwa, la sivyo hutaiona. Mwokotaji hupita kila baada ya siku moja au mbili, huinyonga korosho itoke kwenye bibo, huianika juani siku kadhaa mpaka ukiitikisa ilie ndani ya ganda. Ikikaa chini mvua za kwanza zikaikuta, inaoza au inabadilika rangi na kushuka kutoka daraja la kwanza. Kazi hiyo inaendana na mtu anayeishi katikati ya miti yake, mwenye watoto wanaoweza kutumwa kabla ya jua kuwa kali.

Watetezi wa vijiji walisema, na si uongo, kwamba shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kupelekwa kwa kila nyumba iliyojificha porini. Wapo wazee wa kusini waliosoma kwa sababu ya kijiji kile kile kilichoua shamba la baba yao. Lakini tani zilianza kuporomoka mara moja.

Mengine yakafuata kwa zamu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, na ununuzi ukabaki mikononi mwa mamlaka ya zao. Gharama za mamlaka zilikatwa kwanza, mkulima akapewa kilichobaki, na kilichobaki kikawa kinapungua mwaka hadi mwaka ukilinganisha na bei ya soko la dunia. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zikaisha nchini. Maduka ya vijijini yakawa hayana sabuni wala kanga. Hata aliyelipwa hakuwa na cha kununua. Kwa mtu wa namna hiyo, kupalilia ekari tano kwa ajili ya noti zisizonunua kitu lilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili.

Kisha kuvu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wataalamu walianza kuona ugonjwa wa ubwiriunga katika mikorosho: vumbi jeupe kama unga linalofunika maua na majani machanga, maua yakakauka kabla ya kushika korosho. Mashamba yaliyofunga, yasiyopogolewa, ambamo upepo haupiti na unyevu wa asubuhi unachelewa kukauka, yaliufaa ugonjwa huo. Wakulima wengine walidhani ni ukungu wa kawaida. Wengine walisema miti imezeeka.

Katikati ya anguko hilo nchi ilikuwa inajenga viwanda. Uamuzi wa kubangua nyumbani ulikuwa wa busara. Kiwanda cha kwanza, TANITA cha Dar es Salaam, kilianza katika miaka ya 1960 kwa ubia na Waitaliano. Takwimu za kupanda za miaka ile ziliwatia moyo wapangaji, nao wakakopa, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wakopeshaji. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilikuwepo viwanda kumi na viwili: Mtwara, Likombe, Newala viwili, Masasi, Lindi, Mtama, Nachingwea, Tunduru, Kibaha, na viwili vya Dar es Salaam. Mitambo yake ilikuwa ya Kiitaliano na ya Kijapani, na kwa pamoja viliweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vilipokamilika, nchi nzima haikuwa inavuna hata nusu ya hizo. Baadhi havikuwashwa kwa msimu mmoja kamili. Mashine ilivunja korosho nyingi vipande, na korosho iliyovunjika huuzwa kwa bei ya chini sana kuliko nzima. Mwanamke wa Kollam mwenye nyundo yake ya mbao aliushinda mtambo wa mamilioni kwa sababu hiyo tu.

Ni rahisi kuvicheka viwanda vile. Mtu anayepita leo karibu na majengo yake, mengi yakiwa yamegeuzwa maghala, huona ushahidi wa ubadhirifu. Ila wapangaji wa 1974 walikuwa na mstari wa kupanda wa miaka ishirini mbele yao. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba ofisi ya pili katika serikali ileile ilikuwa inawaondoa wavunaji shambani.

Ng'ambo ya Ruvuma mambo hayakuwa mazuri zaidi. Msumbiji, iliyokuwa ya kwanza duniani, iliangushwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na katika miaka ya 1990 ikabanwa na Benki ya Dunia ipunguze kodi ya kuuza korosho ghafi nje. Viwanda vyake vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapoteza kazi. Kenya ilichukua njia ya tatu: mwaka 2009 ilipiga marufuku kabisa kuuza korosho ghafi nje, na bado zao la Kilifi na Kwale halikurudia hali yake ya zamani.

Kupona kwa korosho za Tanzania kulianzia katika mambo mawili yasiyohusiana. La kwanza ni watu kurudi. Hakuna aliyetangaza kwamba amri ya vijiji imefutwa. Ilisahauliwa taratibu, na katika miaka ya 1980 familia zikaanza kujenga vibanda mashambani, kwanza vya msimu, kisha vya kudumu. La pili lilifanyika Naliendele, kituo cha utafiti nje kidogo ya mji wa Mtwara. Watafiti wake, wakisaidiwa na Waingereza, walithibitisha kwamba ubwiriunga unazuilika kwa unga wa salfa ukipulizwa kwa wakati maua yanapoanza, na kwamba shamba lililofunga lipunguzwe miti ili hewa ipite. Wakachagua mikorosho iliyozaa vizuri na kuvumilia ugonjwa, wakaifanya mama wa miche bora.

Tangu hapo mwezi wa Juni na Julai una sauti yake kusini. Kabla jua halijachomoza, upepo ukiwa umetulia na majani yangali na umande ili salfa ishike, mashine za mgongoni huanza kunguruma shamba hadi shamba. Mpulizaji huchungulia kupitia kitambaa alichojifunga usoni, wingu la njano likimrudia. Salfa ndiyo iliyogeuza mkorosho kutoka mti wa kuokota bure kuwa zao lenye mtaji. Asiye na fedha ya mfuko wa salfa mwezi wa sita hana uhakika wa korosho mwezi wa kumi. Kwa hiyo likaja deni.

Biashara huria ilifunguliwa msimu wa 1991/92. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini na fedha taslimu, tani zikapanda, na mwishoni mwa muongo zilikuwa zimevuka 100,000 tena. Wakati huohuo ukakomaa mtindo wa kangomba. Mnunuzi wa kangomba huja wakati wa dhiki, maua yakiwa mtini, mtoto akitakiwa kwenda shule au mgonjwa akiwa hospitali. Hutoa fedha leo, achukue korosho kesho kwa bei aliyoipanga mwenyewe, mara nyingi nusu ya ile ya msimu au chini zaidi. Viongozi kila mwaka humlaani hadharani. Kijijini husemwa kwa sauti ya chini kwamba yeye ndiye benki pekee inayofika saa nane za usiku.

Mwaka 2005 Bunge lilipitisha sheria ya stakabadhi za maghala, na msimu wa 2007/08 mfumo huo ulianza kwa korosho mkoani Mtwara. Mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, anapewa stakabadhi. Mzigo unakwenda ghala kuu. Wanunuzi, ambao hawaruhusiwi kumfuata mkulima nyumbani, huleta barua zao za bei ndani ya sanduku, na siku ya mnada sanduku hufunguliwa mbele ya wakulima, bei zikasomwa moja baada ya nyingine. Wakulima wakiona bei haifai, wana haki ya kuikataa. Vyama vikuu vya TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, na RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale vikawa majina yanayotajwa redioni kuliko ya timu za mpira.

Lakini palikuwa na shimo. Miaka ya mwanzo mkulima alipewa malipo ya kwanza kwa mkopo wa benki, akangoja malipo ya pili baada ya mauzo, na Mungu akipenda yale ya majaliwa. Kutoka katika malipo hayo yalikatwa magunia, usafiri, ghala, ushuru wa halmashauri, gharama za chama, na kitu kilichoitwa unyaufu, yaani uzito unaopotea korosho ikizidi kukauka. Wakulima waliuliza, bila kupata jibu la kuridhisha, kwa nini korosho zinyauke zaidi ghalani kuliko zilivyonyauka juani nyumbani kwao. Msimu wa 2012/13 bei ya mnada ilianguka chini ya iliyotarajiwa na malipo ya pili hayakuja kama yalivyosubiriwa. Aprili 2013 Liwale ililipuka. Nyumba za viongozi wa chama tawala na wa ushirika zikachomwa moto.

Miaka mitatu baadaye hali iligeuka kabisa. Bei ya dunia ilipanda, na mnadani kilo moja ikafika shilingi 4,000 hivi. Msimu wa 2017/18 zilivunwa tani 313,000 na zaidi, rekodi ya wakati huo, na korosho zikaingiza fedha za kigeni kuliko kahawa, tumbaku au pamba. Kusini ilijaa pikipiki mpya na mabati mapya. Aliyekuwa na miti hamsini ya urithi aliyoidharau aliajiri mlinzi.

Fedha zikivutia mkulima, huvutia na wengine. Katikati ya 2018 Bunge lilijadili sehemu ya ushuru wa kuuza korosho ghafi nje, ambayo ilikuwa ikirudi kuendeleza zao, salfa ikiwemo. Serikali ilitaka iingie yote katika mfuko mkuu. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu, wakashindwa. Oktoba ilipofika, bei ya dunia ilikuwa imeshuka, na minada ya kwanza ikatoa bei isiyofika shilingi 3,000. Wakulima walikataa kuuza. Novemba, Rais John Magufuli aliwaondoa mawaziri wawili, wa kilimo na wa viwanda na biashara, akavunja bodi ya korosho, na kutangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Magari ya Jeshi la Wananchi yakaelekea kusini kubeba mzigo.

Tangazo lile lilishangiliwa, na hakuna haja ya kujifanya halikushangiliwa. Bei ilizidi ya mnada kwa mbali. Tabu ilianza kwenye malipo: uhakiki ulifanywa mtu kwa mtu, waliokuwa na mzigo mkubwa walifuatwa hadi shambani waonyeshe miti, na walioonekana ni wa kangomba wakanyimwa. Familia zilizozoea kulipwa kabla ya Krismasi zilifika mwezi wa salfa zikingali zikifuatilia majina yao kwenye orodha. Upande wa pili serikali ilikuwa na korosho zaidi ya tani 200,000 na haikuwa na mnunuzi. Mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni moja ya Kenya ulisainiwa Januari 2019 na kuvunjwa Mei. Wanunuzi wa Vietnam na India, waliozoea kuja Mtwara mwezi wa kumi kwa sababu korosho za Afrika Magharibi na za kwao zinaanza kuvunwa Februari, mwaka ule walisubiri tu. Faida kubwa ya Tanzania katika soko la dunia ni kalenda hiyo, na miezi ilipopita ghalani faida ilipita nayo. Msimu uliofuata mnada ukarudi.

Mstari wa tani tangu msimu huo wa 2018/19 uliyumba: 225,000, 232,000, ukashuka hadi chini ya 190,000 msimu wa 2022/23. Serikali ilirudi kugawa salfa na viuatilifu bure, miche ya Naliendele ikapelekwa hadi Manyoni mkoani Singida, ambako hakuna bibi aliyewahi kupika uraka, na msimu wa 2024/25 zikahesabiwa zaidi ya tani 520,000. Mnada umehamia kwenye kompyuta ya Soko la Bidhaa. Sanduku la barua limestaafu. Takwimu za wilaya za mpakani, hata hivyo, zisomwe kwa tahadhari ya zamani: korosho huvuka Ruvuma kwa mtumbwi kufuata bei, mwaka huu kuja huku, mwaka mwingine kwenda kule.

Katika hesabu ya kila mwaka safu ya matumizi ya nyumbani ndiyo nyembamba kuliko zote. Sehemu kubwa mno ya korosho, tisa katika kila kumi au zaidi katika misimu mingi, huondoka na ganda lake. Vietnam, iliyokuwa haitajwi katika biashara hii wakati viwanda vya Newala vinajengwa, iliipita India mwaka 2006 katika kuuza korosho zilizobanguliwa. India yenyewe imegeuka mlaji mkubwa. Vitamu vya korosho vya sikukuu ya Diwali hula mzigo ambao zamani ungepelekwa New York.

Zinazobaki nchini hupita mikononi mwa wanawake. Mbanguaji wa Mtwara au Mkuranga huweka karai lililotobolewa juu ya mafiga, akamimina korosho, akazikoroga kwa fimbo ndefu huku amegeuza uso. Mafuta ya ganda yakipata moto huwaka, moshi mweusi mzito ukapanda. Akichelewa sekunde chache zimeungua zote. Huzimwagia mchanga au maji, akazipondaponda moja moja kwa kijiti kwenye jiwe, vidole vikiwa vimepakwa majivu. Nzima huwekwa kando kwa ajili ya abiria wa mabasi ya barabara ya Kilwa, ambao watazinunua dirishani katika vifuko vya nailoni. Zilizovunjika hupikwa. Korosho mbichi za nazi, zilizotolewa ganda kabla hazijakauka, ni mchuzi ambao kusini na Unguja huwekewa mgeni wa heshima, na mtu wa Mwanza anaweza kuishi miaka sitini asiwahi kuuonja. Madukani Dar es Salaam robo kilo ya korosho huwa ghali kuliko kilo ya nyama katika baadhi ya misimu, hivyo mtoto wa mkulima wa Tandahimba aliyehamia mjini hununua karanga.

Mipango ya serikali sasa inataja tani milioni moja kwa mwaka, na kubangua zote nchini ifikapo 2030. Eneo la viwanda vya korosho limetengwa Maranje, Mtwara. Kikwazo ambacho wabanguaji wa ndani hukitaja kwanza ni kile kilichokuwepo miaka ya 1970, ingawa hakikuandikwa kwenye michoro: mavuno yote huja kati ya Oktoba na Januari. Mwenye kiwanda anayetaka kufanya kazi miezi kumi na miwili lazima anunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya wiki chache, kwa fedha za mkopo zenye riba ya hapa, akishindana mnadani na mnunuzi wa Vietnam ambaye Februari ataagiza nyingine kutoka Ivory Coast na hana haja ya kulaza fedha ghalani. Katika baadhi ya misimu wabanguaji hawa wamepewa nafasi ya kununua kabla ya mnada kufunguliwa kwa wanunuzi wanaosafirisha korosho nje, na wakulima wamekuwa wakilalamika, kwa haki yao, kwamba bei ya mnada huo wa awali haijawahi kuwa nzuri kama ya ule wa pili.